Siku yako mbele ya Baraza la Ardhi: nini hutokea na nini ubebe

Ugomvi wa shamba huanza kwa maneno mpakani na huishia kwenye chumba chenye meza, mabenchi na mafaili. Katikati ya safari hiyo watu wengi hupoteza ardhi ambayo kweli ni yao. Hawakufika siku iliyopangwa, au walifika bila karatasi, au shahidi wao alikuwa mnadani siku hiyo. Wengine walidhani kwamba jambo ambalo kijiji kizima kinalijua halina haja ya kusemwa.

Kila tukimaliza kipindi cha ardhi, simu ya studio hupokea swali lile lile: nimeletewa samansi ya Baraza la Wilaya, nifanye nini? Majibu ya dakika mbili hewani hayatoshi, ndiyo maana tumeyaandika hapa ili uyasome polepole, na umsomee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma. Tunazungumzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Kabla ya kufika wilayani

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka ngazi tano: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Baraza la kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Baraza la Kata zamani liliweza kutoa hukumu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 haliwezi tena. Limebaki na usuluhishi peke yake.

Wengi bado hawajalijua hilo. Kama mtu anakuonyesha karatasi ya Baraza la Kata ya miezi michache iliyopita na kusema "nimeshashinda kesi", soma tena hiyo karatasi. Leo kata inaweza kuandika kwamba mmepatana, na mmepatana vipi, au kwamba mmeshindwa kupatana. Ukishindwa kupatana, omba uthibitisho wa maandishi, maana Baraza la Wilaya halitakiwi kusikiliza shauri la ardhi bila uthibitisho huo kutoka kata. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri kata na usuluhishi haujafanikiwa, sheria inakuruhusu kwenda wilayani hata bila karatasi hiyo. Hakikisha tu una kitu kinachoonyesha siku uliyofungua.

Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya Baraza la Kata. Hapo ni ninyi wawili na wajumbe. Na kwa maoni yetu, baada ya kukaa kwenye mabenchi ya mabaraza mengi, kama mgogoro ni wa hatua nne za mpaka kati ya ndugu, pigania upatikane muafaka hapo hapo kata. Nauli za kwenda na kurudi wilayani kwa miaka miwili zinaweza kuzidi thamani ya hizo hatua nne.

Mambo matatu yanayoangusha shauri kabla halijaanza

La kwanza ni mtu asiyehusika kufungua shauri. Baba amefariki, shamba lilikuwa lake, jirani amevuka mpaka. Mtoto mkubwa anakwenda kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayelima. Upande wa pili unasimama na kusema: shamba hili ni la marehemu, wewe ni nani? Shauri linaondolewa. Anayeweza kudai mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinampendekeza, lakini muhtasari wa ukoo peke yake haumfanyi kuwa msimamizi. Kwa familia nyingi za vijijini, mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mwanzo. Kama baba alikugawia shamba hilo akiwa hai, mambo ni tofauti: unadai chako mwenyewe, na utatakiwa kuleta watu walioshuhudia ukigawiwa.

La pili ni muda. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, inayohesabiwa tangu haki ya kudai ilipoanza. Mtu aliyeingia shambani kwako mwaka 2005, ukanyamaza, ukafungua shauri mwaka huu, anaweza kuomba shauri lako litupwe bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Ipo mazingira ambayo hesabu huenda tofauti, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe nyumbani. Muulize anayejua sheria. Ila kama unasoma makala haya na jirani ameingia kwako mwaka wa kumi sasa, usisubiri mavuno yajayo.

La tatu ni kumshtaki mtu nusu. Kama kaka yako aliuza shamba lako kwa mtu mwingine, usimshtaki mnunuzi peke yake wala kaka peke yake. Waunganishe wote wawili, la sivyo unaweza kufika hukumu, kisha Mahakama Kuu ikafuta kila kitu na kuwaambia mwanze upya. Na kama unayegombana naye ni serikali ya kijiji au halmashauri, njia ni nyingine kabisa. Kunahitajika notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Hapo tafuta msaada wa kisheria kwanza.

Samansi imefika

Samansi ina namba ya shauri, majina ya pande mbili, tarehe na saa. Aliyefungua huitwa mleta maombi, au mdai. Aliyeitwa ni mjibu maombi, au mdaiwa. Kukataa kuipokea samansi hakukusaidii chochote. Aliyeileta anarudi na kueleza kwamba umekataa, na baraza linaweza kuendelea kana kwamba umeipata.

Ukiwa mjibu maombi, utapewa pia nakala ya madai. Kuna siku zilizowekwa za kujibu kwa maandishi. Zihesabu tangu siku uliyopokea, na andika tarehe hiyo pembeni ya karatasi kabla hujaisahau. Jibu kila hoja. Akisema shamba ni ekari sita na wewe unajua ni tatu, sema tatu. Akitaja mipaka, taja ya kwako: kaskazini unapakana na nani, kusini na nani, alama ni nini. Mashauri mengi huharibika kwa sababu ardhi yenyewe haikuelezwa vizuri, na baraza halijui linatoa hukumu juu ya kipande kipi. "Shamba langu la bondeni" halitoshi.

Usiende mbele ya baraza na hasira ya kulima usiku. Wakati shauri linaendelea, usikate minyaa ya mpakani, usihamishe mawe, usivune cha mwenzako. Kama unaogopa yeye ndiye atauza au kujenga kabla ya hukumu, omba baraza litoe zuio la muda. Hilo ni ombi la kawaida na lina utaratibu wake.

Kutajwa na kusikilizwa

Kama kuna kitu kimoja tunachotaka ukumbuke ukiondoka hapa, ni tofauti ya maneno haya mawili. Shauri "kutajwa" ni kuitwa ili baraza lijue limefikia wapi: je, majibu yamewasilishwa? Nyaraka zimebadilishana mikono? Tarehe gani inafaa? Inaweza kuchukua dakika tano. Siku hiyo shahidi hahitajiki. "Kusikilizwa" ndiyo siku ya ushahidi. Siku hiyo shahidi asipokuwepo, pengo ni lako.

Tumewaona watu waliokodi gari kuleta wazee watano siku ya kutajwa, na wakarudi mikono mitupu na deni la nauli. Siku ya kusikilizwa ilipofika, wazee wakagoma. Basi kila mara kabla hujatoka chumbani, muulize karani: tarehe inayofuata ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Mwambie aandike.

Kuahirishwa ni jambo la kawaida pia. Mwenyekiti anaweza kuwa mgonjwa au safarini, mzee wa baraza hayupo, au wakili wa upande wa pili yuko Mahakama Kuu. Inachosha. Hata hivyo wewe fika. Mleta maombi akijua tarehe na asipofika bila sababu, baraza linaweza kulifuta shauri lake. Mjibu maombi aliyepata samansi asipofika, baraza linaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Ikikutokea, una siku 30 za kuomba amri hiyo iondolewe, ukiwa na sababu ya kueleweka na ushahidi wake: cheti cha hospitali, kibali cha mazishi, chochote chenye tarehe. "Nilisahau" si sababu.

Basi likiharibika njiani, piga simu kwa mtu aliye mjini akamweleze karani mapema. Na fahamu hili, kwa kuwa wengi hawaambiwi: mbele ya Baraza la Wilaya unaweza kwenda mwenyewe, kupitia wakili, au kupitia ndugu au mtu wa kaya yako. Mama mzee asiyeweza kusafiri anaweza kuwakilishwa na mtoto wake. Ila ushahidi wa kile mama alichokiona kwa macho yake, hakuna anayeweza kuutoa zaidi ya mama mwenyewe. Siku yake ya kutoa ushahidi itabidi afike.

Ndani ya chumba

Fika mapema. Majina ya mashauri ya siku hiyo mara nyingi hubandikwa ukutani au mlangoni. Jina lako likiitwa, ingia na uzime simu. Usirekodi bila ruhusa. Vikao ni vya wazi, kwa hiyo jirani yako anaweza kuja kusikiliza, lakini shahidi wako asikae ndani kabla ya zamu yake. Akikaa na kuwasikia wengine, upande wa pili utasema amekuja kurudia aliyoyasikia, na utakuwa na hoja. Wewe mwenye shauri unabaki ndani muda wote.

Mbele ameketi mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria. Pembeni yake wapo wazee wa baraza, wasiopungua wawili. Hawa si wapambe. Wanasikiliza, wanaweza kuuliza maswali, na mwishoni kila mmoja hutoa maoni yake. Waite wote kwa heshima. "Mheshimiwa Mwenyekiti" inatosha, na ukisahau na kusema "mzee", hakuna atakayekufunga.

Lugha ni Kiswahili. Kama unaongea Kisukuma, Kimasai au Kihehe na Kiswahili chako ni cha sokoni tu, sema mapema unahitaji mkalimani. Si aibu. Ni bora kuliko kuitikia "ndiyo" swali ambalo hukulielewa, kwa sababu hiyo "ndiyo" itaandikwa na kubaki humo.

Usikilizaji unaanza kwa mwenyekiti kueleza madai, na mjibu maombi kuulizwa kama anayakubali au anayakataa. Kisha mleta maombi anaanza. Ataapa kwa dini yake, au atathibitisha kama hana dini ya kuapia. Anasema jina, umri, anapoishi, halafu anaeleza.

Eleza kwa mfuatano. Uliipataje ardhi, mwaka gani, nani walikuwepo, umeitumiaje, ugomvi ulianza lini, unataka baraza likufanyie nini. Usianze na matusi mliyotukanana. Ukikumbuka tukio kwa mwaka wa njaa au mwaka wa uchaguzi, sema hivyo, lakini jitahidi ukiwa nyumbani kupata mwaka wenyewe.

Angalia kalamu ya mwenyekiti. Katika mabaraza mengi anaandika kwa mkono kila unachosema. Ukiongea kama mtangazaji wa mpira, nusu ya maneno yako itabaki hewani. Sema sentensi, subiri kalamu isimame, endelea. Mahakama Kuu, kama shauri litafika huko kwa rufaa, haitakuona wewe wala machozi yako. Itasoma kilichoandikwa siku ile.

Karatasi nazo zina adabu yake. Kuwa na hati ya mauziano mfukoni si sawa na kuwa nayo kwenye shauri. Lazima uitaje ukiwa unatoa ushahidi na uombe ipokelewe kama kielelezo, upande wa pili uulizwe kama unapinga, mwenyekiti aipokee na kuipa namba, kisha isomwe ili wote wasikie. Karatasi ambayo haikupokelewa ni kama haipo, hata kama umeiambatanisha kwenye madai. Leta halisi, si nakala ya picha kwenye simu. Kama halisi imeungua au imepotea, uwe tayari kueleza imepoteaje, na kama uliripoti polisi, leta karatasi ya polisi.

Karatasi gani? Hati ya hakimiliki ya kimila kama unayo. Hati ya mauziano yenye majina ya mashahidi. Muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji kuridhia, kwa sababu kuuziana au kuhamishiana ardhi ya kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri hiyo, na mauziano yaliyofanyika chini ya mwembe bila kijiji kujua yameangusha wengi. Barua ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Uthibitisho wa usuluhishi kutoka kata.

Kama huna karatasi hata moja, usikate tamaa. Ardhi nyingi ya vijijini ilipatikana kwa kusafisha pori au kurithi, na haikuwahi kuandikwa. Mashahidi wanatosha wakiwa ndio wenyewe. Sheria haikuwekei idadi. Wawili wanaojua ni bora kuliko kumi waliosimuliwa. Mtafute aliyekuuzia. Watafute majirani wa pande nne, hasa yule ambaye hana undugu na wewe. Mtafute mjumbe au mwenyekiti wa zamani wa kitongoji aliyesimama siku ya kupima kwa hatua. Ndugu wa damu naye anaweza kuwa shahidi, msikubali kudanganywa kwamba haruhusiwi, ila baraza litapima uzito wa maneno yake.

Kwa mwanamke anayeambiwa kwamba kwa mila ya hapa mwanamke hamiliki ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Waweza kuyasema hayo mbele ya baraza bila kuinamisha kichwa. Bado utahitaji kuonyesha kwamba shamba hilo lilikufikiaje.

Maswali, na maswali yako

Ukimaliza kueleza, upande wa pili unakuuliza maswali ya dodoso. Hapa ndipo damu huchemka. Wakili atakuuliza kwa upole jambo ambalo unaona ni dharau. Jibu swali lililoulizwa, kisha nyamaza. Kama hujui, sema hujui. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Mtu anayekumbuka kila kitu cha mwaka 1987 hadi rangi ya shati huwatia watu mashaka. Baada ya hapo unapata nafasi ya kufafanua yaliyochanganywa.

Zamu yako ya kuuliza ikifika, wengi hukosea kwa namna moja. Badala ya kuuliza, wanasimulia upya. Mwenyekiti anawakatiza, wanaona wameonewa, wanakaa chini na kusema "sina swali". Kosa hilo ni kubwa. Shahidi akisema jambo zito na wewe usimuulize lolote juu yake, baraza linaweza kuchukua kwamba umelikubali.

Tuchukue mfano. Jirani anaapa kwamba alilisafisha pori hilo mwaka 1998. Wewe unajua mwaka huo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, mkoa mwingine, akarudi miaka mitano baadaye. Usisimame kusema "huyu ni mwongo". Muulize: mwaka 1998 ulikuwa unaishi wapi? Ulirudi kijijini lini? Nani alikusaidia kusafisha pori? Yupo hai? Utamleta? Maswali mafupi, moja moja, na kalamu inaandika majibu yake. Anapoongea shahidi wa upande wa pili, kuwa na karatasi na andika maneno mawili matatu ya kumuuliza. Usiyejua kuandika, mlete mjukuu akae nyuma yako akukumbushe mkitoka nje kwa mapumziko, maana hataruhusiwa kukunong'oneza.

Baraza likija shambani

Wakati mwingine ushahidi unagongana kiasi kwamba baraza linaamua kwenda kuona eneo lenyewe. Si lazima lifanye hivyo katika kila shauri, lakini unaweza kuliomba. Siku hiyo pande zote mbili ziwepo, pamoja na mashahidi watakaoonyesha. Onyesha mpaka kwa kutembea juu yake. Onyesha mti uliopandwa, kaburi la babu, msingi wa nyumba ya zamani. Yatakayosemwa na kuonekana huandikwa, na mkirudi kwenye chumba husomwa mbele yenu ili kila mmoja aseme kama ndivyo ilivyokuwa.

Tunajua ukarimu wa vijijini. Mgeni kafika, jua kali, kuku yupo. Siku hiyo acha. Usiwaandalie chakula, usiwabebe upande mmoja kwenye gari lako, usimvute mwenyekiti pembeni kumweleza "kidogo tu". Upande wa pili unaangalia, na hata ukishinda, hilo litakuwa hoja ya rufaa yake.

Hapa tuseme na fedha. Ada halali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapata risiti. Mtu akikuomba hela ya kusogeza faili, awe nani, faili halisogei kwa hela hiyo. Namba ya TAKUKURU ya kuripoti ni 113, na haitozwi.

Msaada upo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo katika wilaya nyingi. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri akuelekeze waliko. Wanaweza kukusaidia kuandika madai, majibu na barua bila malipo.

Hukumu

Baada ya pande zote mbili kumaliza, wazee wa baraza hutoa maoni yao kwa maandishi, na maoni hayo husomwa mbele yenu kabla ya hukumu. Sikiliza kama yanasomwa. Yasiposomwa, uliza kwa heshima, na andika tarehe. Hukumu zimefutwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ya kasoro hiyo tu, na walioshinda wakalazimika kuanza tena. Mwenyekiti hafungwi na maoni ya wazee, lakini akitofautiana nao anatakiwa atoe sababu.

Siku ya hukumu nenda, hata kama unahisi umeshindwa. Sikiliza neno linalotumika. Shauri "kuondolewa" kwa kasoro ya kisheria kwa kawaida maana yake unaweza kurekebisha na kufungua tena. Shauri "kutupwa" baada ya kusikilizwa ni kushindwa, na njia iliyobaki ni rufaa. Kama hukuelewa, muulize karani kabla hujapanda basi.

Rufaa kutoka Baraza la Wilaya inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku hiyo hiyo ya hukumu, omba kwa barua nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, na ubaki na nakala ya barua yako yenye mhuri wa kupokelewa. Nakala zikichelewa, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba hukukaa bure.

Na ukishinda, usiingie shambani asubuhi yake na panga na vijana sita. Mwenye kushindwa anaweza asiondoke kwa hiari, na ukimtoa kwa nguvu utajikuta polisi, wewe mwenye hukumu mkononi. Rudi kwenye baraza, omba kukaza hukumu. Baraza litamwita aeleze kwa nini asiondolewe, na asipokuwa na sababu litatoa amri itakayotekelezwa na dalali wa baraza. Gharama za shauri ulizopewa nazo hudaiwa kwa kuwasilisha hesabu, kwa hiyo zile risiti na tiketi za basi ulizokuwa unazitupa, kuanzia leo ziweke kwenye mfuko mmoja na samansi.